Makaa mekundu, mlango umefungwa: majibu kwa wasomaji wa milimani na pwani

Tangu Juni ianze, barua zinazotufikia zimebadilika sura. Wanaoandika kutoka Lushoto, Mlalo na Bumbuli wanauliza namna ya kuipasha nyumba. Wanaoandika kutoka Pangani na Mkinga wanauliza namna ya kuuzuia moto usipande paani wakati wa kusi. Mjini Tanga baridi yenyewe ni ya kuongeza shuka tu, lakini nako maswali hayakosekani. Tumeanza na swali lililoletwa na wasomaji wanne kwa maneno tofauti.

Mkamwana wangu ana wiki mbili tangu ajifungue, na huku Mlalo baridi imeshika. Kwa desturi yetu mzazi hukaa na jiko la mkaa chumbani mpaka arobaini itoke. Kijana wangu amekuja kutoka Dar es Salaam, anasema jiko litolewe, mkaa unaua. Mimi nimelea watoto saba kwa jiko hilohilo. Nani mkweli? – Bibi, Mlalo

Shikamoo bibi. Kijana ni mkweli, na wewe hukusema uongo. Jiko ni lilelile. Kilichobadilika ni chumba. Nyumba ya fito na udongo, isiyo na dari, yenye mwanya kati ya ukuta na paa, ilikuwa ikipumua usiku kucha. Nyumba ya leo ni ya tofali na saruji, ina dari, madirisha ya vioo, na chini ya mlango mmesokomeza kitambaa ili upepo usipite. Mkaa uliowaka bila madhara katika ile ya kwanza unaweza kuua katika hii ya pili.

Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala moshi. Hapo ndipo wengi hukosea: husubiri mkaa ukolee, moshi uishe, uwe mwekundu vizuri, ndipo jiko liingizwe ndani, wakidhani ubaya uko kwenye moshi. Makaa mekundu yaliyotulia ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi, kwa sababu hewa haitoshi kuufikia mkaa ulio katikati ya jiko.

Tufanye hesabu. Kilo moja ya mkaa hutoa takriban gramu 150 hadi 250 za gesi hiyo. Chukua konzi moja tu, gramu 100, iungue katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, kilichozibwa. Utapata kiasi cha sehemu 800 za sumu katika kila sehemu milioni za hewa. Kwa kiwango hicho mtu mzima huanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu ndani ya dakika 45, hupoteza fahamu ndani ya saa mbili, na akiachwa hapo hufa. Na nani huweka konzi moja? Jiko la kulala nalo hujazwa mpaka juu.

Ikishavutwa, gesi hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, ila damu inazunguka mikono mitupu. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo hujaza sumu mapema zaidi.

Tuzimalize na dawa za mitaani. Sufuria ya maji juu ya jiko haimezi sumu, inaongeza unyevu tu. Kuufukia mkaa kwa majivu ili udumu mpaka alfajiri kunauzidishia ubaya, maana hewa inayoufikia inapungua. Kulala juu ya kitanda badala ya chini hakusaidii, kwa kuwa gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na hewa na hujichanganya kila mahali. Mkaa wa vifuu na mkaa mbadala wa kubonyezwa vina sumu ileile.

Sasa mzazi atapataje joto? Pasheni kitanda na mwili badala ya chumba. Baridi nyingi hutoka chini: tandikeni maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka mnene chini ya godoro, na blanketi moja chini ya shuka la kulalia, kabla ya kuongeza la juu. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kanga iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala, kisha itolewe kabla mtoto hajalazwa. Mtoto avishwe kofia na soksi, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kanga na blanketi juu yao, uso wazi. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, kama hakuna kipimajoto, shikeni nyayo pamoja na tumbo. Nyayo za baridi na tumbo la joto maana yake anahitaji kufunikwa zaidi. Tumbo likiwa la baridi, mpelekeni zahanati huku amekumbatiwa kifuani. Kukandwa kwa maji moto kuendelee, hakuna aliyekukataza, bibi. Na jiko la kuchemshia maji hayo likae nje. Usiku lisihamishiwe kwenye korido wala barazani chini ya dirisha la mzazi.

Tumepanga chumba Lushoto mjini, wanafunzi watatu. Tunapika na kuota jiko hapohapo. Asubuhi wote tunaamka kichwa kinagonga na kichefuchefu. Tumepima malaria mara mbili, hakuna kitu. Ikifika saa nne tukiwa darasani tunapona. Ni nini? – Mwanafunzi, Lushoto

Mmeshajijibu. Malaria haiwashiki watu watatu usiku mmoja na kuwaachia saa nne asubuhi. Dalili zinazoanza kwa wote pamoja, bila homa, zikapungua mkitoka nje na kurudi mkilala tena ndani, ni za sumu ya mkaa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama mnafuga paka naye yuko hoi, usitafute ushahidi mwingine. Jiko litoke leo.

Mkienda hospitali, mwambieni daktari neno "mkaa" kabla ya neno "kichwa". Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hudanganyika: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kinaweza kusoma 98 wakati mtu anazama.

Ukimkuta mwenzio amezimia chumbani, usipige magoti hapo kumwita jina. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango na dirisha, mburute nje. Jiko linaweza kusubiri. Akiwa anapumua mlaze ubavu. Asipopumua, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi huku mwingine akitafuta gari. Maziwa asinyweshwe: hayana kazi kwenye sumu iliyoingia kwa pumzi, na mtu asiye na fahamu yatampalia. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa nne hadi tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali kupitia barakoa, kiasi cha saa moja na nusu au chini yake. Mjamzito aliyekuwa chumba hichohicho apelekwe hata kama anajisikia mzima, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huishika sumu hii zaidi na kuiachia polepole.

Mtungi wangu wa kilo 6 asubuhi unawaka kinyonge kama unaisha, mchana unawaka vizuri. Jirani huuweka wake kwenye beseni la maji ya moto, mwingine huulaza ubavu, na moto unapanda kweli. Je, nimeuziwa gesi pungufu? – Mama lishe, Magamba

Kabla ya kumlaumu muuzaji, pima. Kwenye mtungi umegongwa uzito wake mtupu. Jumlisha kilo 6, mizani iseme. Fanya hivyo siku ya kununua, siyo baada ya wiki ya kukaanga.

Ila tunadhani gesi yako iko sawa. Mtungini mna kimiminika cha propani na butani, na ili kiwe mvuke wa kuwaka lazima kinyonye joto kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri; butani huanza kusita ikikaribia sifuri. Alfajiri ya Julai huko Magamba chuma ni baridi, jiko lako la biashara linavuta gesi nyingi kwa mpigo, mtungi unazidi kupoa kwa kazi yenyewe, na utaona umande umeufunga kiunoni. Ule mstari wa umande ndio kimo cha gesi iliyobaki. Kadiri gesi inavyopungua, eneo la chuma linalogusana nayo linapungua pia, ndiyo maana mtungi ulio robo husumbua zaidi.

Jirani wa beseni aache. Shinikizo la propani kwenye nyuzi 50 ni karibu mara mbili ya lile la nyuzi 20, na maji ya beseni yanayotoa mvuke yamepita hapo mbali. Kwenye mitungi mingi ya kilo 6, bana (kile kichwa kinachotoa moto) hufungwa moja kwa moja juu ya valvu, hakuna regulata ya kupunguza kishindo. Huyo wa kulaza ubavu ndiye anayetutisha zaidi: mtungi ukilala, kinachotoka si mvuke, ni kimiminika, na lita moja ya kimiminika hugeuka kiasi cha lita 250 za gesi. Moto "unapanda kweli" kwa sababu anachoma gesi mara nyingi zaidi ya ile bana iliyotengenezewa, na siku moja utapanda mpaka kwenye kope.

Ufanye hivi. Usiku mtungi usikae kwenye saruji tupu. Uweke wima juu ya kipande cha ubao, jikoni penye mlango wa nje na siyo chumba cha kulala. Asubuhi anza na moto mdogo, sufuria ifunikwe. Ukiwa na uwezo, mtungi wa kilo 15 wenye regulata na mpira utakufaa zaidi kwa biashara, kwa kuwa chuma chake ni kikubwa na hakipoi haraka.

Baridi ina jingine inalofanya: inakaza mipira. Ile ringi nyeusi ndani ya mdomo wa valvu ikikakamaa, gesi hupenya pembeni. Kila ukibadilisha mtungi, chukua maji na sabuni ya unga, koroga mpaka povu, pakaza kwenye shingo ya valvu, kwenye maungio ya regulata na ncha zote mbili za mpira, kisha fungua gesi bila kuwasha. Povu likivimba, funga, rudisha mtungi au badilisha mpira. Usipime kwa kiberiti, hata kama fundi aliyekufungia alipima hivyo mbele yako. Ukisikia harufu usiku, kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni: funga valvu, fungua mlango, toa watu, swichi ya taa iachwe kama ilivyo, iwe imewashwa au imezimwa.

Nimepanga nyumba ya zamani hapa Lushoto, ina mahali pa kuotea moto na dohani. Tulipojaribu kuwasha, moshi wote ulirudi sebuleni. Mwenye nyumba anasema haijatumika miaka mingi. Nianzie wapi? – Mpangaji, Lushoto

Hongera, una kifaa cha kupashia joto ambacho wengi waliotuandikia wangekitamani. Nyumba kama hizo ziko nyingi Lushoto tangu enzi za Wajerumani, walipouita mji Wilhelmstal, na zile za Waingereza baada yao. Moto wenye dohani nzima ndio moto pekee tunaouruhusu sebuleni. Lakini usiuwashe tena kabla ya kumaliza haya.

Mchana, ingiza mkono na kioo kidogo ndani ya tundu ukiangalia juu. Unatakiwa uone mbingu. Usipoiona, kuna kiota, majani, tofali lililoanguka au nyuki. Dohani isiyotumika ni mzinga wa bure. Nyuki mwachie mrina asali. Usiwafukuze kwa kuwasha moto, maana nta na asali vitaungua humohumo ndani ya dohani.

Kisha isuguliwe. Brashi ya waya ya kufaa tundu ni nzuri, lakini si lazima. Funga fungu nene la chelewa mbichi, upana wake uzidi kidogo upana wa tundu, lifungwe kamba ya katani juu na nyingine chini yenye uzito wa jiwe. Mmoja yuko paani, mwingine chini, mnavutana juu na chini mpaka masizi yaishe kudondoka. Mdomo wa chini uzibwe kwa shuka lililoloweshwa, la sivyo utapaka rangi sebule upya. Angalia kinachodondoka: masizi ya unga ni ya kawaida, magamba meusi yanayong'aa kama lami ni utomvu wa moshi wa kuni mbichi, na hayo ndiyo huwaka siku moja yakageuza dohani kuwa tanuri.

Sasa nyufa. Washa nyasi mbichi kidogo zitoe moshi, mwenzio aufunike mdomo wa juu kwa gunia lililolowa, kisha pitia kila chumba na upande darini. Moshi ukitoka ukutani, au pale boriti zinapopita karibu na dohani, fundi azibe kwanza. Nyumba za zamani boriti mara nyingine imepenyezwa ndani ya ukuta wa dohani, imekuwa ikikauka miaka kwa miaka, na huanza kuungua kimyakimya darini wakati nyinyi mnaota chini.

Kama yote ni mazima na moshi bado unarudi, sababu huwa mojawapo ya hizi. Dohani ni fupi: mdomo wake uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka hapo, pamoja na mgongo wa paa. Au mdomo wa chini umepanuliwa na mtu aliyetaka urembo: eneo la tundu linalopitisha moshi lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Au dohani ni baridi: choma gazeti moja lililokunjwa, ulishikilie juu mdomoni dakika moja kabla ya kuwasha kuni, mvuto uanze. Au, na hii ndiyo tunayoikuta zaidi siku hizi, mwenye nyumba ameweka madirisha mapya ya alumini yanayobana kabisa. Moto unaotoa hewa juu lazima uingiziwe hewa chini. Fungua dirisha vidole viwili uone kama moshi hautashika njia yake.

Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo, zifunikwe juu tu, ubavu wazi, kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Kuni kavu ukizigonganisha hulia kwa ukali. Mbichi hutoa mlio mzito wa kufa. Miwati ni bora kuliko yote, mikaratusi hufuata ikikauka vizuri. Misaipresi na misonobari ina utomvu, hurusha cheche, kwa hiyo wavu wa chuma mbele ya moto si hiari. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya Juni, na mara mbili ukiwasha kila siku. Majivu yatoke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje. Makaa ndani ya majivu huishi zaidi ya siku nzima.

Ukisikia ngurumo dohanini kama lori linapanda mlima wa Soni, masizi yameshika moto. Toa watu, funga milango na madirisha ili moto ukose hewa, piga 114. Usimwage maji dohanini: tofali lenye moto mkali likipata maji hupasuka, na moto unapata mlango wa kuingia darini.

Shemeji ameniletea hita ya umeme ya wati 2000 kutoka Ujerumani. Plagi yake ya pini mbili za mviringo naiingiza kwenye ekstensheni kwa kubonyeza tundu la juu na kalamu. Juzi ekstensheni imeyeyuka. Hita ni mbovu? – Soni

Hita ni nzima. Wati 2000 gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 9, saa nzima bila kupumzika. Ekstensheni nyingi za dukani zina waya wa milimita mraba 0.75, unaofaa kiasi cha ampea 6. Ukiuacha umeviringishwa, joto lake halina pa kwenda.

Kalamu nayo ni kosa la pili, na ndilo baya zaidi. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania ina fyuzi ndani yake. Hiyo ya Ulaya haina, na ukiilazimisha haigusi waya wa ardhini. Mwite fundi umeme aikate, afunge plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13: waya wa kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani chenye mstari wa njano kwenye ardhi. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Baada ya dakika 20 gusa uso wa plagi. Vuguvugu ni sawa, ikiwa ya kukutoa mkono, soketi imelegea ndani na ibadilishwe. Iwe mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda, na nguo zisianikwe juu yake, hata soksi za mtoto.

Tena hesabu ya LUKU: kuiwasha kwa muda wa saa nne kila usiku ni uniti 8. Uniti 75 zitakwisha siku ya kumi. Blanketi zito la mtumba pale sokoni Lushoto linalipa haraka zaidi.

Nyumba yetu ni ya makuti, jiko la kuni liko ubavuni. Kusi ikivuma cheche zinaruka mpaka paani. Kubadilisha paa hatuna uwezo. – Pangani

Hamisha jiko, paa libaki. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo cheche zinakwenda kaskazini-magharibi. Jiko likiwa upande huo wa nyumba, upepo unaziondoa kwako. Hakikisha tu kuwa huko ziendako si kwa jirani. Kama yuko karibu, jenga ukuta wa udongo wa kimo cha kifua kuzunguka jiko, pande tatu. Kaskazi ikirudi Desemba mambo yanageuka, kwa hiyo jiko la mafiga linalohamishika lina faida kuliko la kujengea.

Mapishi marefu, maharage na makande, yaanze asubuhi kabla upepo haujakaza. Usichochee kwa makumbi makavu wala makuti mabovu, ndiyo yanayorusha cheche kubwa. Majivu yasirushwe jalalani. Yafukiwe shimoni na kumwagiwa maji mpaka yaache kufuka. Na kitu kimoja wazee walikuwa nacho ambacho hatukioni tena kwenye viambaza: upembo mrefu wa kuvutia makuti. Kuti moja likishika, kulivuta chini kunaokoa nyumba. Ukikimbilia ndoo, likishika la tatu umeshachelewa. Ngazi iegeshwe mahali pake pa siku zote, pipa la maji lijae jioni.

Umeme ukikatika binti yangu husoma kwa mshumaa ndani ya chandarua. Kuna ubaya? – Muheza

Upo mkubwa. Chandarua kingi ni cha poliesta: hakiungui kama pamba tu, kinayeyuka na kudondoka kama matone ya moto juu ya anayelala. Nunua taa ya sola ya mezani. Koili ya mbu nayo isikae chini ya kitanda. Iweke kwenye sahani ya bati, mbali na shuka linaloning'inia.

Madirisha yetu yote yana nondo na usiku tunafunga geti la mlango kwa kufuli. Moto ukianzia mlangoni tutatokea wapi? – Makorora, Tanga

Kwa sasa hamna pa kutokea, na afadhali umeuliza. Mwambie fundi wa kuchomelea akate nondo za dirisha moja katika kila chumba cha kulala, azifunge kwenye fremu yenye bawaba ifungukayo kwa nje, na komeo la ndani. Uwazi uwe wa kupitisha mtu mzima, angalau sentimita 50 kwa 80. Kama ni kufuli, ufunguo wake uning'inie ukutani chumbani humohumo, mahali mtoto wa darasa la pili anafika lakini mkono wa mwizi kutoka dirishani haufiki. Mjaribu mkiwa gizani, kila mtu afungue kwa kupapasa. Bawaba za chuma karibu na bahari hushika kutu upesi. Zitie mafuta kila mwezi.

Mtoto akiungua kwa uji, dawa ya meno au yai, lipi bora? – Korogwe

Yote mawili yanazuia joto lisitoke na kumpa nesi kazi ya kuyakwangua. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka polepole juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili, yasiwe ya barafu. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asipate baridi. Nguo iliyogandia ngozini iache ilivyo, kata kuizunguka. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kanga safi isiyo na nyuzinyuzi, na kama jeraha linazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni hospitali. Bangili na shanga za mkononi zivuliwe mapema, kabla mkono haujavimba.